Mzizi Niliouambia Ukungu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Area D tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniandikia kwamba u wa mwisho darasani, ukauliza kama urudi nyumbani.

Nikiwa chuo cha ualimu, tulipanda vilima vya Kondoa kikundi kizima, tukashukia korongo lenye miti na ukungu. Wa mbele akiona mzizi aliutaja, na neno likapitishwa nyuma. Nami, niliyekuwa wa mwisho, niliuambia ukungu.

“Unawaonya majini?” Halima aliyenitangulia akanicheka.

Niliona haya, lakini mzizi uliofuata nikautaja tena. “Mzizi.”

“Nimeuona, dada,” ukungu ukajibu.

Alikuwa Zuhura, mwenzetu wa kikundi. Alisimama kufunga kamba za viatu, tukamwacha bila kujua, na tangu hapo alikuwa akifuata sauti yangu.

Uamuzi ni wako, mama. Kitanda chako kipo.

Bibi yako