Maji Ndani ya Miwani

Pap Onditi, Kisumu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na yule beberu wako mkorofi, bado anatafuna kanga za majirani? Mimi mwili ni mzima, ugali nakula, samaki nimemzoea mpaka kichwa. Moyo ndio si mzima. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwani ungenisikia sauti ukakesha.

Uliniuliza hii kazi ya kuwafundisha watoto muziki bure ni kazi gani. Mafuriko ya mvua zilizopita yalibomoa nyumba za watu wa kando ya ziwa, wakahamia huku juu, wanalala kanisani na kwenye mahema. Shirika letu dogo likapanga warsha ya muziki kwa watoto wao, na wafadhili kutoka Ulaya wakaleta miwani. Si kama yako ya kusomea. Hii inafunika uso kama ya mchomelea vyuma, na ukiivaa hukioni tena chumba ulichomo. Unajiona uko mahali pengine kabisa, umezungukwa na ngoma na marimba, ukipunga mkono zinalia.

Mahali penyewe wafadhili walikuwa wamekwisha kupachagua: katikati ya ziwa, juu ya jukwaa la mbao linaloelea. Mwenyekiti wetu, Bwana Odhiambo, alifurahi sana. Alisema watoto wa ziwa wapewe ziwa. Hakuna aliyepinga, mama. Tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, tumekaa tunakunywa chai na mandazi.

Siku ya majaribio mtoto wa kwanza alipiga mayowe akapanda juu ya benchi. Wa pili alilia mpaka akatapika. Ikafika zamu ya Atieno, binti wa miaka kama tisa anayekaa na bibi yake. Yeye hakulia. Aligeuka polepole, akainama, akageuka tena, mikono akiipeleka huku na huku. Wafadhili walidhani anacheza, wakampigia makofi. Ngoma hakugusa hata moja. Nikachuchumaa kando yake nikamuuliza anafanya nini.

"Natafuta mama," akasema. "Maji ya huku iko safi, Mwalimu. Inaonyesha mpaka chini."

Siku ya mafuriko mama yake alikuwa amekwisha kuokoka. Walikuwa wamefika barabarani kwenye mwinuko, yeye na mtoto, akawakumbuka mbuzi wake, akarudi. Hajaonekana mpaka leo.

Tangu siku hiyo Atieno akawa ananisubiri mlangoni kila asubuhi, aulize kama ni zamu yake. Alikuwa na utaratibu wake, leo upande huu, kesho ule. Bibi yake akasikia, akaja kuniona. Huku mtu akipotelea majini asipatikane, ukoo hulizika tunda la mti wa yago, tunda refu na zito, ili naye awe na kaburi nyumbani kwake. Wazee walikwisha kupanga, lakini mtoto amekataa katakata.

"Anasema tungoje, bado anaangalia," bibi akaniambia. "Mwalimu, ni wewe ulimpea mahali ya kuangalia."

Nilikwenda kwa Bwana Odhiambo nikamwambia maji yatoke au mimi niondoke. Akasema namharibia mipango, watoto watazoea, na wafadhili wakikasirika nani atawalisha walimu. Unanijua nikipanda hasira, nimerithi kwako. Tulifokeana mpaka wafadhili wenyewe wakaja kusikiliza, na mwisho wakakubali. Wakaliondoa ziwa, wakaweka uwanda wa majani mafupi na jua zuri. Wale watoto waliokuwa wakilia sasa walicheka na kupiga ngoma. Nami nikajiona bingwa.

Atieno alipovaa aliinama, akayatazama majani muda mrefu. Kisha akaivua miwani mwenyewe, akanirudishia mkononi.

"Mmetoa maji," akasema, "na mama yangu alikuwa bado ndani."

Mama, wewe mwenyewe husema mimi sikosi la kusema, hata msibani. Siku hiyo nililia mbele ya watoto wa watu, na Atieno akanitazama tu.

Jumamosi wanazika yago. Bibi ameniomba nije na ngoma zangu, miwani niiache. Atieno hakatai tena. Haulizi zamu, anakula akipewa, analala akiambiwa. Watu wanasema amekubali, Mungu amemsaidia. Mimi nakaa naye darasani na sioni kukubali kokote.

Nisalimie dada na mumewe, yule fundi baiskeli asiye na baiskeli. Shangazi wa sokoni mwambie kitenge chake nimekiona Kisumu, nitakileta. Mjomba mwambie anywe dawa zake, asizigawe kwa wageni.

Na wewe, mama, kibanda chako kiko karibu mno na mto, tumelisema hili hata tumechoka. Mvua zikija na maji yakianza kupanda, toka, panda juu kwa dada, na mbuzi waache. Hata ukiwasikia wanalia, waache. Usirudi.

Mwanao,
Hamisi