Nilipima Krenki Yako, Khocha

Khocha, mjomba wangu,

Pikapu yako ilipanda mlima kwa gia ya pili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za gereji au za Mama, dada yako, ambaye bado anaweka kikombe chako mezani kisha anakiondoa. Gia ya pili, Khocha, na haikubeba kitu ila mimi na gurudumu la akiba. Na hii ndiyo injini tuliyoipangia ivute magunia ya mahindi kwa gia ya tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku rafiki yako Simiyu. Hapana, nilianza mapema zaidi. Acha nieleze kwa utaratibu, maana ungekuwa hai ungenikatiza kwa lile neno lako: "Nani amesema? Umepima?"

Tulikuzika nyumbani Bumula, udongo ukiwa umelowa mvua. Siku ya kunyoa watu walirudi. Unajua inavyokuwa: ukoo unaketi, na kila aliyekuwa na jambo na marehemu anasimama kulisema mbele ya wote, lisije likabaki kunong'onwa kwenye njia za mashamba. Mmoja alirudisha jeki yako. Mama mmoja jirani alisema ulimwahidi kumtengenezea kinu cha kusaga mahindi. Hakudai kitu, alitaka tu ijulikane. Kisha akasimama Simiyu, fundi wako wa mashine kutoka Bungoma mjini, rafiki yako tangu mkiwa vijana, mtu ambaye hawezi kukuambia saa bila kupitia habari za babu yake.

"Injini ya marehemu iko kwangu," alisema. "Kazi yake imekwisha. Ni ya Nekesa."

Akaketi. Watu wakashukuru. Mimi sikushukuru. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu wa maneno mengi amekuwa na maneno machache siku ile, siku ambayo hata wasiokujua vizuri walijua la kusema. Wakati wa kuagana alipita mbele yangu kabisa, nikanyoosha mkono, naye akapita kana kwamba nimekuwa nguzo ya ua. Mbele kidogo akamshika Mama mkono na kumwita Nekesa, jina langu.

"Umeona huyo?" Mama aliniambia jikoni. "Anashindwa hata kukutazama. Ati rafiki. Kuna kitu amekula cha ndugu yangu."

Nilipokwenda kuichukua injini, alinipokea mlangoni, akasimama katikati ya mlango kama anayeziba. Ilikuwa imeshafungwa yote, hedi, yaani kifuniko chake, juu, imepakwa rangi, inang'aa. Nilimuuliza ameiwekea oili gani. Akanirushia kopo. "Soma wewe, Injinia. Si ndiyo ulisomeshewa?" Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nikasoma, masikio yakiwaka moto, na nikaongeza hilo kwenye mambo niliyokuwa nikimwekea moyoni.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, pale Kitale, nawe ukazunguka mchoro ukiwa umeshika chai. Wazo lilikuwa tusage shingo za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nje kidogo ya kitovu chake, ili kila pistoni ishuke chini zaidi na kupanda juu zaidi. Shingo zikishakuwa nyembamba, tutafute konrodi, mikono inayoshika pistoni, za injini nyingine zenye mdomo mdogo. Na pistoni ziwe zile ambazo pini yake imekaa juu, zisije zikachungulia nje ya silinda. Bloki ni ile ile, mlango wa boneti ni ule ule, lakini injini inameza zaidi na kuvuta zaidi. Uliutazama mpaka chai ikapoa. Kisha ukasema, kwa lile jina la mtoto wa dada, "Mwiwana, yaani tunamrefushia mzee hatua bila kumnunulia miguu mingine." Ulicheka mwenyewe mpaka ukakohoa. Sikukitilia maanani kile kikohozi.

Konrodi nilizitafuta mimi. Pistoni nilizisubiri mimi, na zilipofika uliziweka kwenye mizani ya kupimia sukari, ukasugua ile nzito kwa ndani mpaka zote zikalingana. Krenki ukaipeleka kwa Simiyu. Nilitaka kuja. Ukasema gereji haiwezi kubaki bila mtu. Baadaye ukawa unakwenda Bungoma mara kwa mara, na ukirudi nikiuliza krenki imefika wapi unasema, "Inakuja." Wewe, ambaye jibu lako la kila swali lilikuwa namba.

Basi, niliipachika injini kwenye pikapu, na baada ya ule mlima niliirudisha gereji nikafunga mlango. Nilifanya ulivyonifundisha. Nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikateremsha spoki ya baiskeli kwenye tundu mpaka ikagusa kichwa cha pistoni. Nikazungusha puli kwa spana, taratibu, spoki ikipanda kama kitu kilicho hai. Nikaweka alama juu kabisa. Nikazungusha tena mpaka chini kabisa, nikaweka alama nyingine. Kisha nikapima katikati ya alama.

Hatua ilikuwa ile ya kiwandani. Zile milimita nne tulizokusudia kuongeza hazikuwepo. Nilipima silinda ya pili. Nilibadilisha spoki, nikidhani imepinda. Nilipima zote. Ndani ya ile rangi inayong'aa kulikuwa na krenki ya kawaida, na kama krenki ni ya kawaida basi konrodi na pistoni ni za kawaida pia, maana zetu zisingekaa vizuri humo. Kwa hiyo kila tulichokitafuta kilikuwa mahali pengine.

Sikulia. Nilikaa kwenye lile tairi lako na kuanza kupanga ushahidi.

Nilimwambia Mama. Ningejua ningenyamaza. Alitaka twende Bumula siku hiyo hiyo, ukoo uitwe, Simiyu asimamishwe palepale aliposimama siku ya kunyoa na aulizwe upya. Na mambo yalizidi kujipanga upande wake. Muuza spea mmoja wa Moi's Bridge aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kuna pikapu kule Lwakhakha siku hizi inapanda na mzigo wa ng'ambo ya mpaka kama inafukuzwa na nyuki, na kwamba watu wanasema injini yake imepita mikononi mwa fundi wa Bungoma. Niliona picha nzima. Nilimwona Simiyu akihesabu, akisema marehemu hatafufuka kuja kupima, na huyu msichana kazi yake ni vitabu.

Nilimwomba Mama aniachie kwanza niende peke yangu. Alikubali kwa shingo upande. "Ukienda huko usinywe chai yake," alisema.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya karakana, uso wake umeelekea barabarani. Nilisimama mbele yake. Akaniuliza, "Nani huyo?"

Khocha, hata hapo sikuelewa. Nilidhani ananidharau. Nilimwambia jina langu, kisha nikamwambia kwamba nimepima, kwa spoki, silinda zote, na kwamba nimekuja kuambiwa krenki yetu aliiuza kwa nani. Nilisema kwa sauti kubwa, ili mtu wa duka la jirani asikie.

Hakukasirika. Alianza kucheka polepole, akipangusa macho kwa kiganja.

"Nilimwambia khocha wako kuwa hutapima," alisema. "Nikamwambia yule atalia, ataendesha, basi. Akaniambia, wewe humjui. Yule atapima tu."

Aliinuka, akapita mlangoni akipapasa fremu kwa vidole. Ndipo nilipomwona vizuri. Alihesabu hatua mpaka kabatini. Akanitolea gunia, na ndani yake, kila moja imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, zilikuwemo pistoni zetu, konrodi zetu, na chini kabisa krenki. Ile pikapu ya Lwakhakha ina injini ya watu wengine huko. Ya kwetu haikutoka Bungoma.

Alinieleza yeye mwenyewe, kwa maneno machache kama ya siku ile. Macho yake yalianza kuondoka siku nyingi zilizopita. Ulikuwa unajua. Uliendelea kumpelekea kazi ili asionekane amekaa bure, nawe ukija unaketi kando yake na kumtazamia. Lakini krenki yetu aliianza siku ambayo hukuwepo, alitaka kukushangaza. Alibana jiwe kupita kiasi, chuma kikapata moto kikageuka bluu, naye hakuiona bluu. Na ile kona ya shingo, ambayo inatakiwa kuachwa imeviringika kama ndani ya sufuria, aliiacha imekatika kama ndani ya sanduku. Ulipofika uliigusa kwa ukucha. Kisha ukaitisha chaki.

Sikumwamini. Samahani, lakini ni wewe uliyenilea hivi. Nilinunua mafuta ya taa dukani, nikaipaka krenki, nikasubiri, nikaipangusa mpaka ikakauka, halafu nikaipaka chaki. Nilipiga magoti pale mlangoni penye mwanga. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu kwenye kona ya shingo ya tatu mafuta yakaanza kurudi juu kupitia chaki, mstari mmoja mwembamba, mweusi, kama unywele ulioanguka kwenye unga. Ulikuwa ukikua huku nikiutazama.

Ni ufa. Ingekatika mlimani, Khocha. Ikiwa na mzigo, na mimi kwenye usukani.

Kumbe ulimwambia afunge injini ya kawaida, aipake rangi, anipe. Ulimwambia, "Akiuliza, mwambie yote. Asipouliza, mwache aendeshe salama." Na wakati huo kifua chako kilikuwa kimeshaanza kukukataa, hukutaka siku zako za mwisho ziwe za mimi kugombana na rafiki yako. Naelewa. Naelewa, lakini nimekasirika. Ulikaa kando yangu gereji, ukinifundisha kutoamini kitu ambacho sijakipima, na wewe mwenyewe ukanipa neno "inakuja" nikaliamini bila kulipima.

Nilimuuliza Simiyu swali lililokuwa limebaki: krenki za nani nyingine amezisaga tangu ile? Injini za watu ziko barabarani. Akasema hakuna, tangu siku ile hajawasha mashine, wanaoketi pale kwenye benchi ni wa kuchomea vyuma, na hiyo anafanya mwanawe. Nilikwenda nyuma nikaligusa jiwe la kusagia. Lilikuwa limevaa vumbi, na buibui alikuwa amefunga nyuzi kutoka jiwe mpaka kwenye bomba la maji. Nyuzi nyingi, za zamani na za sasa. Hilo nililiamini.

"Usiniseme kwa watu," aliniomba. "Nitasema mwenyewe."

Nikamwambia asiseme kwangu, aseme kwa wateja wake, tena wiki hii, na kwamba nitarudi kuuliza. Alikubali. Alinipa chai, nikainywa.

Sasa nikwambie yaliyofuata, kisha nikuache. Nilirudi nikamweleza Mama kwamba Simiyu hakuiba chochote, kwamba kila kitu nimekiona na kukishika. Alinitazama, mkono kiunoni. "Nani amesema? Umepima?" Khocha, ilikuwa sauti yako kabisa. Tulishindwa kula. Nilimletea gunia lile, akafungua vitambaa kimoja kimoja, akazishika pistoni kama anavyoshika mayai, kisha akauliza ndugu yake alikuwa akificha nini kingine. Nikasema sijui. Bado sijui. Usiku mwingine nawaza kile kikohozi, na siku zile ulizosema unakwenda Bungoma, na najiuliza kama zote zilikuwa za Bungoma au kuna daktari aliyekuwa akikuona na ukamnyamazisha naye pia. Swali hilo halina tundu la kuteremshia spoki.

Simiyu alitimiza. Alisimama mbele ya karakana yake siku ya soko na kuwaambia wateja kuwa hasagi tena. Nilijua kwa sababu nilikwenda kuhakikisha, nikasimama upande wa pili wa barabara, na hakuniona.

Nimepata krenki nyingine, kutoka kwenye injini iliyoungua hedi lakini tumbo lake ni zima. Nimeshaipaka chaki. Ni safi. Mwezi ujao nitaipeleka Bungoma kwenye mashine ile ile. Yeye atakaa kwenye kigoda kando ya jiwe, asikilize, maana anasema mlio hubadilika kabla ya rangi. Mimi nitakuwa macho. Mikono itakuwa yangu, na kona ya kila shingo nitaigusa kwa ukucha kama ulivyoigusa wewe.

Konrodi zako ziko kwenye rafu. Pistoni nimezipima upya kwenye mizani ya sukari. Ulikuwa sawa, zinalingana.

Kaa salama huko Bumula, Khocha, chini ya udongo ambao sasa umekauka na kuota nyasi. Sikuagi kwa hasira. Nakuahidi jambo moja: siku pikapu itakapopanda ule mlima na mzigo kwa gia ya tatu, nitasimama juu kabisa, nizime injini, nitoe plagi ya kwanza, nipime. Halafu nitakuja kukuambia namba.

Mwiwana wako,
Nekesa