Ukuaji Mara Nne

Jumatatu, 4 Machi

Amenitoa! Tai — tunamwita hivyo kwa ile tai anayovaa hadi kantini, ila na kunyakua anajua — amejaza fomu ya shindano la miradi kwa jina lake peke yake. Sabuni yetu ya wodini! Miezi mitano nimeotesha vijidudu kwenye sahani, nimevimwagia sabuni, nimehesabu vilivyobaki. Yeye anasoma biashara tu, kazi yake ilikuwa kuongea. Nimemuuliza. Eti mimi nasoma sayansi ya tiba na biashara kwa pamoja, nitachoka. Mshika mbili moja humponyoka. Na akacheka! Mshindi anapewa maabara mwaka mzima. Maabara yangu.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Jumanne, 5 Machi

Mhudumu wa maabara kaniambia: jana Tai alikuja, akapiga picha ukurasa wa daftari langu. Upi? Ule wenye mstari mwekundu unaopanda.

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Huo ni mchanganyiko wa tatu, ulioharibika! Juu niliandika neno moja tu: UKUAJI. Kwa mtu wa biashara, ukuaji ni vigelegele. Maabarani, ni vijidudu vimeshiba sabuni vikazaana mara nne.

Nimwambie? Thubutu! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alhamisi, 7 Machi

Tai kanisimamisha ngazini. Anataka nione slaidi zake kabla ya shindano kesho, dakika mbili tu. Nikamwambia nina kipindi. Sina kipindi. "Dada, tafadhali." Leo ndiyo nimekuwa dada! Nikapanda zangu.

Mama kwenye simu: mbona sauti ina sukari, umepata nini? Nikamjibu, bado.

Ijumaa, 8 Machi

Niko ukumbini, safu ya mbele, daftari gotini. Sitaki kukosa hata neno.

Ameanza. "Ukuaji umepanda mara nne!" Makofi! Jaji mmoja, mtaalamu wa vijidudu, hapigi. Anauliza: kilichokua ni nini? Tai anaivuta tai shingoni. Jasho. Tamu!

Jaji tena: nani alipima?

Slaidi inayofuata. Jina langu — juu ya lake. "Kiongozi wa vipimo." Kumbe ndicho alichotaka nione jana.

Jaji anasema aliyepima asimame, aeleze kwa nini sabuni inayolisha vijidudu ipelekwe kwa wagonjwa.

Tai ananyoosha kidole huku. Ukumbi mzima umegeuka. Mimi naandika tu. Nikiweka kalamu chini, itabidi nisimame.