Pyongyang Nilisikia Ulimi Wako

Baba,

Mama ni mzima. Goti la kushoto bado linamsumbua, na amehamia chumba cha mbele kwa sababu anasema kile chenu kimekuwa kikubwa. Ndugu yangu Kipkemoi alipogoa chai ya upande wa mto na sasa inachipua. Ng'ombe wako wa pembe moja alizaa jike. Ulizikwa Jumamosi, nami nikafika nyumbani Boito siku tisa baadaye nikiwa na begi lililojaa picha za sanamu. Labda hayo yote unayajua. Sina njia ya kuthibitisha.

Nakuandikia kwa sababu nimesema juu yako jambo ambalo sijui kama ni uongo. Kazi yangu unaijua. Sijazoea hali hii.

Tulialikwa Korea Kaskazini waandishi wa habari wawili, mimi na Kofi wa Ghana, tukauone mji wao mkuu. Tulipewa watu wawili wa kututembeza. Mmoja aliitwa Pak. Alikuwa amesomea Kiswahili chuoni kwao na hakuwahi kuvuka mpaka. Wa pili, aliyevaa suti ya kijivu, hakutuambia jina. Alikaa nyuma yetu akiandika.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za hoteli, nimewapa mgongo. Nikasikia, "Karipu, pwana. Kari igo dayari."

Niligeuka haraka. Baba, ulikuwa ni wewe. Mdomo wako, na vile unavyoisukuma b mpaka inakuwa p. Nikamkuta Pak, kijana mwembamba, ananishikia mlango wa gari. Maelezo yapo: lugha yao, kama lugha yetu ya nyumbani, haijali tofauti ya b na p, wala d na t, wala k na g. Maelezo ni sahihi. Hayakunisaidia kitu.

Walitupeleka kwenye sanamu ya shaba ya kiongozi wao, ndefu kuliko mikaratusi yetu. Tulipewa maua, tukayaweka, tukainama. Kiongozi mwenyewe alikuwa ameshakufa, lakini Pak alimzungumzia kama mtu aliyetoka kidogo. Nikamwuliza kwa Kiswahili kama kweli amekufa. "Pado," akasema. Hakucheka. Ni jibu lako la kila siku. Chai imechumwa? Pado. Umepona? Pado.

Barabara zilikuwa pana kama uwanja wa ndege. Askari msichana aliongoza magari kwa kijiti, akigeuka huku na huku, na magari hayakuwepo. Dukani mwanamke wa koti la zambarau alinunua chupa ya chai akatoka nayo. Tukiwa ghorofa ya juu nilimwona anaingia kwa mlango mwingine, mikono mitupu, akapanga foleni ileile. Kofi alininong'oneza kwamba, akirudi mara ya tatu, atamsalimia kwa jina.

Alhamisi saa kumi jioni tulitembezwa ukingoni mwa mto. Watu kama ishirini walikuwa wameinama kwenye nyasi. Yule wa kijivu alieleza kupitia kwa Pak kwamba wananchi wanapendezesha mji wao. Kofi alipiga picha ya daraja. Mimi niliangalia vidole.

Wewe ulinilea kwenye chai. Mtu anayepalilia hung'oa na mzizi. Wale walikuwa wanachuma ncha tu, ile laini, kwa vidole viwili, kisha wanatupa kwenye mfuko mgongoni. Hakuna mtu anayesafisha ukingo wa mto kwa majani mawili na chipukizi. Nikamwuliza Pak kwa sauti ya chini ni akina nani. Aliangalia maji.

"Mama yangu yupo pale," akasema. "Anabiga majani."

Mtu mwingine yeyote angesikia anapiga, kama kufyeka. Lakini mimi nimekulia nyumba ambayo kila jioni ulimwita Mama ukimwambia abige chai, na jirani akikuuliza ng'ambo ya ua chai imekosa nini mpaka ipigwe. Nilijua amesema anapika. Mama yake alikuwa anapika nyasi.

Aliona kwamba nimeelewa, na rangi ikamtoka usoni. "Usiantike, pwana," akasema. Yule wa kijivu alikuwa hatua kumi nyuma, kalamu mkononi.

Jumapili huyohuyo wa kijivu aliniletea mezani telegramu ya Kipkemoi kwamba umefariki. Ndege ilikuwa moja kwa wiki.

Nyumbani mhariri wangu alitaka jambo moja tu: je, njaa imefika mpaka mji mkuu? Aliniuliza mara tatu. Jibu nilikuwa nalo kwa sentensi moja, lakini kijana wa Kiswahili pale alikuwa mmoja; wangejua mara moja ni nani aliyeniambia. Niliandika sanamu, nikaandika barabara. Hata vile vidole sikuviandika. Mwenzangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba Wakorea wamenilisha mizizi yao mpaka nikasahau kalamu. Nilimwacha aseme.

Wiki tatu zilizopita mgeni alipanda ngazi za ofisi yangu hapa Kericho. Alivaa beji ndogo yenye uso wa yule kiongozi. Kwa Kiingereza cha upole alisema yuko likizoni na angependa kuona chai. Nikamwendesha hadi Boito. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na wachumaji walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Alinisifia jinsi kila kitu kilivyo sawasawa. Nilimwonyesha nilichotaka aone. Kazi hiyo nilijifunza kwao.

Alikuwa na maua ndani ya gari. Alisimama mbele ya kaburi lako akainama mpaka kiunoni, akakaa hivyo muda mrefu. Mama alinivuta kando. "Huyo mgeni wako ameangusha nini?"

Tulipokuwa tunakunywa chai akauliza. Alhamisi ile mtoni nilisema na Pak kwa Kiswahili, na Pak alibadilika rangi. Mwenzake wa suti ya kijivu aliliandika. Tulikuwa tunazungumza nini?

Nilijua ninachoulizwa. Nikikosea, kijana yule haonekani tena, na huenda mama yake pia. Nikasema la kwanza lililokuja: kwamba nilimwambia baba yangu amefariki, naye akahuzunika.

Mgeni aliweka kikombe chini. "Telegramu ulipewa Jumapili," akasema.

Ni kosa ambalo nisingemsamehe mwanafunzi wa kazi. Sikuwa na pa kwenda. Nikamwambia, "Kwetu mtu hujua."

Alinitazama, kisha akamgeukia Mama, akataka nimtafsirie swali: mzee alikufa saa ngapi? Nilitafsiri. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

"Alhamisi ile, saa nne asubuhi," Mama akasema. "Watu walikuwa wanaleta vikapu vya kwanza."

Saa nne kwetu ni saa kumi jioni kwao. Mgeni alitoa daftari, akapekua kurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa Alhamisi ile mtoni. Kisha akalifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Aliposhuka Kericho aliniambia Pak angali kazini, na atampelekea salamu zangu.

Baba, mimi siamini mambo haya. Nilidanganya, na uongo ukakuta saa yake imeshafika. Sijui ni nani aliyesema nami pale mtoni, na sitakuuliza, kwa sababu sina ukurasa wa kuweka jibu. Ninachojua ni kwamba watarudi kuuliza. Wao huuliza mara mbili.

Nakuahidi hili: nitajibu vilevile, neno kwa neno, siku zote nitakazoishi. Nitasema ulinijia Alhamisi saa kumi, na kwamba kijana alinionea huruma, basi. Wakifika huko uliko, nawe sema hivyo. Mashahidi wawili wakilingana, mtu anabaki hai.

Saisere, Baba, kwaheri. Pumzika kwenye ardhi yako.

Mwanao,
Kiprotich