Kofia ya Nikaha ya Athmani

Likoni, Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi sijisikii. Si homa. Ni moyo tu umekaa vibaya.

Kazi nimefanya leo, Mungu shahidi. Kabla hakujapambazuka sawasawa mahamri yalikuwa karaini, watu wakaja na bakuli zao wakayamaliza. Nikakaa kwenye cherehani, nikashona sare za shule za watoto wa mtaani. Nikajaza barafu za ukwaju kwenye friji, ile aliyoninunulia mwanangu Athmani kwa mshahara wake wa kwanza. Na nani mwingine mtaa huu amenunuliwa friji na mtoto? Adhuhuri ikanikuta mkono hauinuki.

Nikajiambia, mwanamke kama mimi hayuko.

Ndipo Athmani akaja. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, karani kule kisiwani, mpole, kijana ambaye akipita na kanzu yake wamama wenye mabinti huacha kupepeta mchele. Ijumaa hii, inshallah, anaoa.

Kwetu sisi, mama ndiye humshonea mwanawe kofia ya nikaha. Tena si kofia yoyote, ni ya vito: unachora maua kwa penseli juu ya bafta nyeupe, unatoboa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kikaze. Kofia moja hula miezi. Na mkono wangu kwa vito, wacha nijisifu, unajulikana toka hapa hadi Mtongwe. Ndiyo kazi iliyonilelea watoto kabla ya mahamri na barafu. Mwenye duka mmoja mjini aliniambia atakuja kwenye nikaha aitazame kofia ya Athmani, na ikiwa kama ninavyojigamba, kofia za duka lake zote nitashona mimi.

Maua niliyachora siku ile ile posa ilipokubaliwa. Bafta iko kwenye mkoba wa ukindu, juu ya kabati. Nimetoboa upande mmoja tu.

Kila nilipoishika, hodi. Huyu anataka mahamri ya hitima, huyu ana gauni la kupunguza, huyu mtoto wake analilia barafu. Mimi kukataa sijui. Wallahi, napenda kusikia watu wakisema, "Hilo mpelekee Mama Athmani, ndiye anayeliweza."

Mwezi uliopita alikuja wifi yangu Mwanajuma, akaitoa ile bafta mkobani, akaigeuzageuza.

"Wifi, hii kofia ni ya Athmani au ya mjukuu wako?"

"Mimi sina wakati wa kukaa kitako kama wewe, mama. Mimi nina biashara."

Akataka tugawane, yeye anishonee nusu. Nikakataa. Mikono miwili kwenye kofia moja huonekana, mmoja huvuta uzi, mwingine hulegeza.

"Haya, wewe na biashara yako," akasema. "Kichwa kitakachoachwa wazi si changu."

Nikamcheka mpaka akafika mlangoni.

Leo Athmani alinipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa kofia kwenye mfuko wa nailoni. Ya mashine. Nyeupe, ngumu, maua yote sawasawa kama yamepigwa muhuri.

"Nimeona una kazi nyingi, mama. Sikutaka kukusumbua."

Sikutaka kukusumbua. Mimi, mamake.

Angekuja na hasira ningepata pa kushika, ningemwambia mimi ndiye niliyemzaa. Lakini alisema kwa upole, kama mtu aliyefikiri sana asije akaniumiza. Akaivaa. Nikamwambia, "Imekupendeza, baba." Haikumpendeza. Ilimpwaya, ikashuka hadi masikioni.

"Wataniuliza nimeiazima kwa nani," akasema, tukacheka wote wawili. Kisha akaniomba nimpunguzie.

Nikashika sindano. Nikakunja kwa ndani, mahali pasipoonekana, nikakaza uzi. Chai ilikuwa haijachemka nami nimeshamaliza. Akaivaa, ikamkaa. Akanibusu mkono, akaenda zake feri.

Basi huo ndio mkono wangu kwenye arusi ya mwanangu. Pindo la ndani.

Nimekaa hapa nikiwaza. Siku zote hizi nimekuwa nikiipima kazi kwa uchovu. Mgongo ukiniuma jioni, naona leo nimefanya kitu. Lakini mahamri ya asubuhi, adhuhuri nani huyakumbuka? Sare hata fundi wa pale njia panda angezishona. Kofia hii moja ndiyo iliyonitaka mimi peke yangu, nayo ndiyo niliyoiweka mpaka nipate nafasi. Nafasi ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiigawa mlangoni.

Alasiri amekuja mwanamke na kitambaa cha mapazia. Nikamwambia siwezi. Akanitazama. "Wewe, Mama Athmani?"

Naam, mimi. Nilidhani nitaona raha kukataa. Sikuona. Kukataa kwa leo hakumvishi Athmani kitu.

Bafta yangu nitaimaliza, hata kama haina tena kichwa cha kuingojea. Nitaanza Jumamosi, na mlango nitaufunga.

Lakini kwanza kuna Ijumaa. Mwenye duka akitupa jicho moja tu atajua ni ya mashine. Wanawake ndio wasiojua, maana nikaha ni ya wanaume msikitini, wao kofia wataiona pichani tu. Picha zitapigwa, filamu itasafishwa, na wao watanizunguka na vifijo: "Mama Athmani, hongera! Na vito hivi vyote umevishona lini, na shughuli zako zile?"

Nami nilivyozoea kusifiwa, sijui mdomo wangu utawajibu nini.