Ndiyo Niliyokuibia

Neema,

Nianze na habari za kwenu, maana najua ungeziuliza hizo kabla ya zangu. Mama yako hajambo. Kaburi lako liko kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu, pembeni ya la babu yako, na amelipandia maua. Mbwa wenu hapiti upande huo, anazunguka mpaka nyuma ya zizi. Mimi bado niko kwenye kile chumba changu cha Soweto, huku mjini. Ulikufa kwa homa ya siku nne, na hadi leo nakasirika nikikumbuka kwamba siku ya kwanza ulinicheka nilipokuambia uende hospitali.

Filamu yetu ilibaki na kipande kimoja cha kushuti. Marafiki wawili wa kike wanachuma kahawa, mmoja anampenda mwenzake, na mwishowe anamwambia. Niliandika mwenyewe, nikacheza yule anayependa, nikakupa wewe yule anayependwa, halafu nikajidai ni sanaa tu. Uliposoma ukurasa wa mwisho ulisema, "Mage, huyu hawezi kusema ndiyo. Anampenda rafiki yake, lakini siyo hivyo." Nikakujibu kwa jeuri kwamba mwandishi ni mimi. Tukanuniana. Tukashuti mimi nikisema maneno yangu na wewe ukiniangalia, basi. Jibu tukaliacha hadi Jumamosi iliyofuata. Jumamosi hiyo tulikuzika.

Sasa kosa langu ni hili. Sikuweza kuuvumilia uso wako ule unaoniangalia bila kusema kitu. Nikapekua sauti zote tulizorekodi, nikapata ndiyo moja. Kinasa sauti kilisahauliwa kikiwa kimewashwa siku moja tunakula kwenu, na wewe ukasema "ndiyo" laini, ya mtu aliyefurahi. Nikaikata nikaipachika pale. Mimi nasema nakupenda, kamera inaonyesha kisogo chako, unasema ndiyo. Ilikaa vizuri mno. Niliirudia mara nyingi sana, Neema, naona aibu hata kuandika.

Ili isikike kama imesemwa palepale shambani, chini yake nikaweka ule ukimya. Unakumbuka utaratibu wa Beni, fundi wetu wa sauti: kila tulipomaliza kushuti mahali alitusimamisha dakika moja, hakuna kusogea, arekodi mahali penyewe pakiwa kimya. Wote tulikuwa tunafumba macho ili tusichekeshane. Siku ile shambani mimi sikufumba. Nilikuangalia wewe dakika nzima, na mdomo wako ulikuwa umefungwa. Nina hakika na hilo.

Kwenye hedifoni, ndani ya mchakacho wa majani, nikasikia: "Mage, acha."

Hukuwa na hasira. Ilikuwa ile sauti yako ya kunikataza nisichokonoe kidonda. Nikavua hedifoni, nikawasha taa, na ilikuwa saa sita mchana. Nikampelekea Beni. Alisikiliza mara tatu, akasema ni upepo, akaniuliza kama ninakula vizuri. Nilipobaki peke yangu nikasikiliza tena. Ulikuwepo, na safari hii ulikuwa karibu zaidi na maikrofoni.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikautoa ule ukimya kwenye filamu nikaibakiza ndiyo, nikabeba kompyuta nikapanda Uru kwenu siku ya misa yako ya arobaini, kwa sababu mama yako aliomba akuone.

Wageni walipoondoka tukakaa sebuleni, yeye na mimi. Aliangalia yote, akatabasamu kidogo pale ulipojikwaa kwenye kikapu. Ikafika pale penyewe. Nikasema maneno yangu, nawe ukasema ndiyo. Mama yako akainuka. Akaingia jikoni, nikasikia mfuniko wa sufuria, akarudi na bakuli la mtori wa ndizi linatoa mvuke, akasimama nalo katikati ya chumba akiangalia kiti chako.

"Kaniitikia," akasema. "Nimemuuliza kama anaongeza mtori, kaniitikia."

Nilikuwa nimesahau kabisa ulikuwa unamjibu nani.

Nikatoka nje, nikachuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo kama tulivyowaona wazee wakifanya, nikarudi nikampa kwa mikono miwili. Unajua kwetu aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata awe amekosewa nini. Alilipokea kabla hajalijua kosa. Ndipo akauliza, "Umefanya nini, Mage?" Nikamwambia nimekuwekea neno mdomoni, kwa sababu nilitaka uniambie mimi, na kwa nini nilitaka. Sikumficha kitu. Akaliweka lile jani mapajani. Nilidhani atanifukuza.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nirudishie."

Nimemrudishia. Nimeitoa kwenye filamu, nikamwekea kwenye simu yake pamoja na swali lake mbele, kama ilivyokuwa siku ile. Filamu sasa inaishia kwenye uso wako ukiniangalia. Nimeuangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unanihurumia, Neema, na ulikuwa umeshanijibu.

Basi nikuambie kwa jina langu, siyo la yule wa kwenye filamu. Nilikupenda kwa namna ambayo wewe hukunipenda. Imeniuma na bado inauma, na urafiki ulionipa ulikuwa wa kweli, nisingeubadilisha. Nakuahidi sitakutungia neno lingine, wala ile dakika sitaifungua tena.

Pumzika, rafiki yangu. Na ukisikia mtu anakuita kwa sauti yangu, usiitike. Sitakuwa mimi.

Mage