Gego Linalovuja

Jumatatu, 4 Machi
Leo mjukuu wangu amenizibia gego lililotoboka. Anasomea meno, na mimi ndiye mtihani wake. Anatoboa, anaziba, mwalimu atakagua baada ya wiki tatu. Nimekubali kwa kuwa ni damu yangu — sikujua nitalishwa uchafu. Kwanza asidi. Halafu gundi, inanuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Kimpira cha kufunika mdomo ili mate yasifike kwenye jino nimekikataa, mimi si maiti. Alipogeuka kuvuta taa ya buluu ya kukaushia gundi nikalilamba gego, nikatema. Hakuona. Limetoka jeupe kama la mtoto. Nimemsifu mbele ya wenzake wanaomcheka, wakome.

Alhamisi, 14 Machi
Maji ya baridi yamenichoma hadi sikioni. Sasa nakunywa shingo upande. Sisemi.

Jumapili, 17 Machi
Mjukuu alikuja kula. Mama yake, binti yangu, akamuuliza hilo jeupe linashikaje. Akasema kinachoshika ni gundi. Gundi ikiguswa na mate kabla ya kupigwa taa haishiki, panabaki upenyo mwembamba kuliko unywele, uchafu unapita humo, jino linaoza chini kwa chini na juu linang'aa.
"Na mama yangu alivyo na mdomo, ulimkaushaje?" binti yangu akasema.
Wakacheka mpaka wakapaliwa. Nimewaambia mezani si mahali pa kuzungumzia mate.

Alhamisi, 21 Machi
Kinyaa. Nimejitazama kwenye kioo: mstari wa kahawia umelizunguka lile jeupe. Nikalifyonza. Kikatoka kitu kichungu, harufu ya tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Kinywani mwangu. Mimi ambaye kikombe changu hakiguswi na mtu humu ndani, na wakwe huosha mikono mara mbili nikiwatazama. Nimesukutua kwa chumvi, nimesugua mpaka damu. Bado kinanuka. Chakula sijagusa.

Jumatatu, 25 Machi
Niko kwenye kiti cha chuo, mwalimu yuko kwa mgonjwa wa jirani. Mwaka jana mjukuu alianguka mtihani huu. Akianguka tena wanamtoa. Nikinyamaza, mwalimu akipuliza hewa kwenye jino, maumivu yatasema. Nikisema nililamba — mbele ya hawa watoto wenye barakoa, ambao nimetoka kuwakaripia sasa hivi kwa kucha chafu?

Mjukuu amemtangulia mwalimu kuchungulia kwa kioo chake kidogo. Ameuona mstari. Nilingoja anigombeze, nami nilikuwa na majibu yangu tayari. Ameinama tu sikioni kwangu: "Nilikukausha vibaya, bibi. Nisamehe, nimekuharibia jino."

Ananiomba radhi. Mimi.

Mwalimu amefika, anavaa glavu. Anasema, haya bibi, weka kalamu, fungua kinywa. Nimemwambia angoje, kuna neno kuhusu ulimi wangu.